Bastola ya polima inakwama? Kabla hujaiita kimeo, soma dalili zake kwanza

Ukisoma maoni ya wenye bastola za polima, yaani zenye mwili wa plastiki ngumu, utachanganyikiwa. Huyu anasema Glock 19 yake ana miaka nayo haijawahi kukwama hata siku moja, yule ana ileile, toleo lilelile, anasema ni takataka, inamrushia maganda usoni na kila akipiga risasi chache inagoma. Kwa wenye Smith & Wesson M&P hivyohivyo, na wa Taurus ndo usiseme, hao wanagombana kabisa. Na hakuna anayedanganya hapo. Shida ni kwamba mtu akisema "bastola mbovu" anakuwa anaongelea vitu vinne kwa mpigo, yaani bastola yenyewe, magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), risasi na mkono wake, halafu lawama yote anaitupia bastola kwa sababu ndo ilikula hela nyingi. Mimi wikendi huwa nasaidia kwenye renji moja, uwanja wa kupigia shabaha, hapa Texas, na kwa ninayoyaona pale bastola yenyewe ndo mshukiwa wa mwisho. Sisemi haiwi kamwe, inakuwa, na nitafika huko, ila ukianza nayo utabadilisha vipuri vizima na tatizo litabaki palepale.

Mfano wangu utakuwa Glock zaidi kwa sababu hizi nyingine nyingi zimefuata nyayo zake. HK, kampuni ya Ujerumani, ndo walitangulia kutoa bastola ya fremu ya polima, yaani kile kiunzi cha chini chenye mpini, VP70, mwaka 1970, lakini iliyoenea dunia nzima ni ya Gaston Glock wa Austria, jeshi la kwao likaichukua 1982. Glock 17 ina sehemu 34 tu, na bila magazini ina gramu kama 630. Fremu ni polima, reli ambazo slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele ukipiga) inateleza juu yake ni vipande vidogo vya chuma vilivyomiminiwa humohumo ndani ya polima, na badala ya nyundo kuna straika, ile pini iliyojificha ndani ya slaidi. Ukielewa hiyo moja umeelewa karibu zote, kwa hiyo dalili nitakazotaja zinafanya kazi kwa yoyote uliyonayo.

Na kabla sijasahau, kwa ndugu zangu mlioko huku Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi: sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki bastola au hata risasi zake, mianya ipo michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji, sasa usianze kushikashika bastola ya mshkaji kabla hujaongea na mwanasheria.

Kabla hujagusa chochote

Toa magazini KWANZA, halafu ndo uvute slaidi, uifunge nyuma, uangalie chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na uingize kidole. Mpangilio ni huo huo, usiugeuze, maana ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani umetoa risasi moja na umepandisha nyingine mwenyewe. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Nakazia hapa kwa sababu Glock huwezi kuifungua vipande bila kwanza kuvuta triga, na ndipo watu wanapotoboa kuta, televisheni na mapaja yao, mtu ameamini iko tupu.

Halafu chukua maka peni uandike namba kwenye makalio ya kila magazini, 1, 2, 3. Ni kitu kidogo lakini bila hiyo hutajua kitu. Na ukianza kupima badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: magazini ileile risasi tofauti, kisha risasi zilezile magazini tofauti, kisha kila kitu kilekile mpigaji tofauti. Mtu anayebadilisha springi, mafuta, risasi na triga siku moja halafu bastola ikatulia hajatibu kitu, hajui hata alichofanya.

Ganda linasimama wima mlangoni

Hii ndo inaongoza. Umepiga, ganda tupu halikuruka nje kupitia mlango, ule uwazi wa ubavuni mwa slaidi, limebanwa na slaidi limesimama kama kibomba cha jiko. Mtu wa kwanza kulaumiwa ni kiwanda. Sasa elewa inavyofanya kazi: risasi ikilipuka slaidi inarushwa nyuma, na ili ifike mwisho wa safari yake lazima fremu ibaki pale ilipo. Kama kiwiko na kifundo cha mkono vimelegea, fremu nayo inarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu imeliwa na mkono wako, slaidi haifiki mwisho, ganda linachelewa kutoka. Bastola nzito ya chuma inakusamehe kidogo kwa sababu uzito wake wenyewe unaikalisha, ya polima haina huo uzito, na zile fupi za kubeba mfukoni ndo kali zaidi.

Kuna dada mmoja nesi, Mkenya, alikuja na ya kwake mpya kabisa ametoka kuinunua, amenuna, ananiambia "Kaka, hii kitu wameniuzia mbovu, naenda kuwarudishia." Nikamwomba apige nione. Ganda likasimama. Akapiga tena, likasimama. Nikaichukua vilevile ilivyo, magazini ileile, risasi zilezile zilizobaki, nikazimaliza zote bila tatizo, akaniangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Ukimtazama alikuwa anaishika chini sana, kati ya kiganja chake na ule mdomo wa nyuma wa fremu pamebaki nafasi ya kupitisha kidole, na mkono wa kushoto umeshikilia chini ya magazini kama anashika kikombe cha chai na kisosi. Tukapandisha mkono mpaka ukagota juu, wa kushoto ukaja kuziba upande ulio wazi, vidole gumba vyote vinaangalia mbele. Magazini iliyofuata haikukwama hata mara moja. Kurudisha dukani kukaishia hapo.

Ila usije ukamwambia kila mtu "ni mkono wako", hiyo nayo imekuwa jibu la uvivu. Ukimpa mpigaji mwingine mzoefu na bado inasimamisha maganda, fuata risasi. Za 9mm za bei ya chini za greini 115 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) nyingine zimejazwa baruti kwa ubahili, na springi mpya ya kurudishia slaidi inakuwa ngumu kwa risasi dhaifu. Jaribu za greini 124 za kampuni nyingine. Zikipita vizuri, tatizo umelipata na bei yake ni boksi moja la risasi. Zisipopita, angalia ile kucha inayovuta ganda, ekstrakta, kama chini yake kumejaa masizi na vipande vya shaba, chokonoa na kijiti cha meno, utashangaa kinachotoka.

Maganda yanakupiga usoni

Hapa wamiliki walikuwa na haki yao. Glock za kizazi cha nne zilitoka 2010 na hazikupita muda mrefu watu wakaanza kulalamika maganda ya 9mm yanawarudia kwenye paji la uso, na za kizazi cha tatu za miaka hiyohiyo pia. Watu wakaambiwa sana kwamba ni mikono yao. Mwaka 2011 kampuni ikajitolea kubadilisha springi za kurudishia slaidi za kizazi cha nne, na ejekta, kile kichuma kinachopiga ganda litoke nje, ikabadilishwa kutoka ile yenye namba 336 ikaja 30274. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika ya miaka ile, ifungue uangalie namba iliyoandikwa kwenye ejekta. Kipuri ni cha bei ndogo sana. Kama ni kizazi cha tano, kile cha 2017, na inakupiga usoni, rudi kwenye mkono na risasi kwanza.

Risasi haipandi, au slaidi haifungi mpaka mwisho

Risasi imeingiza pua imekwama, au slaidi imebakiza milimita mbili tatu haijafunga. Magazini, magazini, magazini. Ndo maana nilisema uziandike namba. Kama ni namba 2 tu inayofanya hivyo, bastola yako ni nzima. Angalia midomo ya juu ya magazini kama imepanuka au imepasuka, toa springi uisafishe, angalia umeirudisha ilivyokuwa kwa sababu ikigeuzwa juu chini inasukuma risasi kwa pembe mbaya. Na zile magazini za bei ya kutupa za makampuni ya ajabuajabu, zenye risasi 30 zinaning'inia kama mkia, hizo kachezee, usizitumie kuhukumu bastola ya mtu.

Zikifanya zote, toa mtutu nje kabisa, ushike chemba iangalie juu, dondosha risasi moja moja ndani. Inatakiwa iingie yenyewe na ilie "tunk", na ukiupindua mtutu idondoke yenyewe. Kama lazima uisukume, ama chemba ni chafu ama risasi ni nene kuliko kipimo, na hizo nene mara nyingi ni za kujazwa upya mtaani. Zinazopita weka huku, zisizopita weka kule, mwisho wa kazi utaona zote zisizopita zimetoka boksi moja. Glock wenyewe kwenye kitabu chao wanakataza risasi za kujazwa upya, na mitutu yao ya kabla ya kizazi cha tano ina kona za mviringo ndani, ukipiga zile ambazo kichwa chake ni madini ya risasi matupu yasiyovishwa shaba, madini ya risasi yanajaa ndani na presha inapanda. Sio hadithi hiyo, mitutu imepasuka.

Springi ya kurudishia slaidi nayo inachoka. Wengi wanaibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Ukinunua bastola iliyotumika na hujui historia yake, badilisha tu, usijiulize mara mbili.

"Tik", halafu kimya

Umevuta triga, imelia tik, haijalipuka. USIIANGALIE MTUTUNI. Iache inaangalia shabaha, hesabu mpaka thelathini, kuna risasi huwa zinachelewa. Kisha toa magazini, itoe, uiangalie kitako, kile kiduara cha katikati wanachokiita praima.

Kama hakina alama kabisa, straika haikufika, na hapo ama slaidi haikufunga mpaka mwisho ama kuna kitu kimevunjika. Kama kina alama hafifu, jiulize swali moja: nilipaka mafuta wapi? Kuna watu wanaipulizia mafuta bastola nzima wakiifungua. Ndani ya tundu la straika hakutakiwi hata tone, mafuta yakiingia yanashika masizi yanakuwa tope zito, straika inatembea humo kwa kujivuta inafika imeshachoka. Toa straika, safisha tundu likauke, rudisha kavu. Kwa Glock mafuta yanayotakiwa ni matone machache tu: reli za slaidi, juu ya mtutu pale unaposuguana na slaidi, na tone moja pale nyuma ambapo fimbo ya triga inagusa konekta, kile kichuma kidogo bapa. Basi. Na ile grisi ya rangi ya shaba unayoikuta ndani ya slaidi ikiwa mpya si kutu wala uchafu wa kiwandani, watu wanakesha wanaisugua na petroli, iache, imewekwa kwa makusudi isaidie kulainisha siku za mwanzo.

Cha tatu ni vipuri vya YouTube. Umeweka springi laini ya straika ili triga iwe nyepesi, na umeipata nyepesi, sasa haina nguvu ya kupiga praima ngumu. Rudisha ya kiwandani kabla hujaandika chochote kuhusu ubora wa kampuni.

Kama alama ni nzuri, imezama katikati, na bado haikulipuka, ni risasi hiyo.

Imelia "pufu"

Hii haina mjadala. Mlio umekuwa mdogo, haikurusha mkono kama kawaida, moshi unatokea mlangoni: acha hapohapo. Risasi inaweza kuwa imekwama katikati ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu utapasuka mkononi mwako. Toa magazini, toa kilichopo chembani, fungua, pitisha fimbo mtutuni kutokea nyuma. Ikigota, mpe fundi. Usijaribu "kuisukuma na nyingine", jamani.

Slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha

Angalia kidole gumba chako. Nusu ya watu wanaojifunza ule mshiko wa vidole gumba mbele wanaishia kuegemea juu ya kile kitufe cha slaidi wanakikandamiza, kinashindwa kupanda. Na ikifungwa nyuma wakati risasi bado zipo, kidole hichohicho kinakisukuma juu. Kidole kikiwa mbali na slaidi bado haibaki nyuma risasi zikiisha, ni springi ya magazini.

Inapiga chini kushoto

Kwa anayetumia mkono wa kulia hii ni karibu kila mara ni yeye. Tafuta risasi bandia, mwambie mwenzako akuchanganyie kwenye magazini bila wewe kujua zimekaa wapi. Ikifika bandia, haitalipuka, na utauona mdomo wa bastola unainama wenyewe chini kabla ya kitu chochote kutokea. Hakuna saiti, vile vya kulengea vilivyo juu ya slaidi, ya dola mia inayotibu hilo. Lakini saiti za plastiki za kiwandani za Glock zinastahili maneno yote zinayosemwa, zinakwanguka kwenye holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola, na za mbele zinang'oka, hapo nakubaliana na walalamishi mia kwa mia.

"Inacheza", "inagongagonga", "triga kama sponji"

Tikisa Glock nzima kabisa itagonga kidogo, magazini inacheza, slaidi ina nafasi. Imetengenezwa hivyo ili mchanga na masizi vipate pa kupita. Triga nayo ni ya kilo mbili na nusu hivi, sio mbaya sio tamu. Haya ni ladha, sio ubora. Kinachotakiwa kukutisha ni ufa: washa tochi, ifungue, angalia fremu kuzunguka pini zilizo juu ya triga na pale vichuma vya reli vinapotoka kwenye polima. Ukiona ufa hata mdogo, usiipige tena.

Kutu je? Polima haishiki kutu, kwa hiyo watu wanasahau kwamba slaidi, pini na springi ni chuma. Kwa jamaa wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, jasho la kiunoni na hewa ya chumvi vinaanza na vile vidude vidogo: kitufe cha slaidi, pini, skrubu za saiti. Pangusa kila ukivua, na usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inatunza unyevu.

Sasa, pale ambapo kweli ni kiwanda

Kitu ambacho wengi hawakijui: Marekani kuna tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, inaweza kukimbizana na kibaniko cha mkate au kitanda cha mtoto, lakini sheria imeikataza kugusa silaha. Kwa hiyo bastola ikiwa na kasoro, kampuni ndo inayojiamulia kuirudisha, au mahakama inaisukuma. Ndo maana kelele za wamiliki zina uzito kwenye bidhaa hii, hata zikiwa na chumvi.

Mifano ipo. Springfield waliziita XD-S zirudi kiwandani mwaka 2013. Taurus walifikia makubaliano ya kesi 2015 yaliyogusa modeli tisa, mojawapo PT-111 Millennium, walalamikaji wakisema zinaweza kulipuka zikidondoka. SIG P320 jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza maboresho ya hiari baada ya watu kuonyesha inalipuka ikidondoka kwa pembe fulani, na kesi za wanaosema iliwalipukia bila kugusa triga zimeendelea, kampuni inakana. Smith & Wesson nao waliziita zirudi Shield EZ zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020 kwa ajili ya nyundo zilizoweza kupasuka.

Hizi dalili hazifanani na zile za juu, na hapa usianze kujipima na risasi na mkono. Imelipuka ikidondoka, imepiga mbili kwa mvuto mmoja wa triga, imelipuka ikiwa kwenye holsta, hapo huna cha kujaribu renji, ifunge kabatini. Ingiza namba iliyochongwa kwenye bastola kwenye ukurasa wa kampuni uone kama iko kwenye orodha, hasa kama umeinunua iliyotumika, maana mwenye nayo wa kwanza huenda barua ilimfika akaitupa. Kwa mlioko nyumbani Afrika Mashariki msihangaike kuagiza vipuri kimyakimya kwenye sanduku la mjomba anayetoka Houston, ipelekeni kwa fundi wa duka lenye leseni, vinginevyo utamaliza tatizo la bastola uanze la polisi.

Huku Marekani mwenyewe unaruhusiwa kuituma moja kwa moja kiwandani kutengenezwa na ikarudi mlangoni kwako. Piga simu, eleza dalili kwa mpangilio, magazini namba ngapi, risasi gani greini ngapi, nani mwingine alipiga na ikafanya nini, huwa wanakusikiliza tofauti kabisa na anayesema tu "inakwama". Tuma pamoja na ile magazini inayosumbua, usitume risasi, na ung'oe triga na springi zote ulizoongeza mwenyewe, maana viwandani huwa wanarudisha vya kwao vyote na ile triga yako ya bei mbaya inaweza isirudi.